Kozi ya Kukosea

Kwa miaka kadhaa Lembris alikuwa mtu mcheshi kuliko wote kati ya lango la Lodoare na Kakesio, na yeye mwenyewe hakujua kwa nini.

Kazi yake ilikuwa kupokea wageni. Boma lao lilikuwa kando ya barabara ya kwenda kreta, na gari la watalii liliposimama, akina mama walijipanga kuimba, morani wakaruka, na Lembris, kwa kuwa alimaliza darasa la saba na hakuogopa wazungu, alitoka mbele na kusema kwa Kiingereza: "Welcome, my friends! You are very boring after the long journey!" Wageni wakaangua kicheko. Akaendelea: "Me also, I am very exciting to see you!" Wakashikana mabega wasianguke. Alipofika kwa mke wake Nanyori na kutaka kusema kwamba ni mwanamke wa kutisha, hata simba humwogopa, alitangaza kinyume chake: mke ndiye mwoga na simba ndiye wa kutisha. Nanyori alikuwa amekunja sura mbaya ajabu wakati huo, na wapo wageni waliolazimika kukaa chini. Lembris aliona raha. Alijua ana kipaji cha kuchekesha watu, ila hakujua kinachochekesha ni nini.

Aliyemfungua macho alikuwa Godson, dereva wa watalii, kijana wa Moshi aliyepanga chumba Karatu. Siku hiyo walikuwa wamesimama wawili kando ya gari, wakimsubiri mgeni mmoja aliyekwenda kuchimba dawa kichakani.

"Chalii yangu," Godson alimwambia, "hivi unajua unawaambia nini wale watu? Huwaambii kwamba wamechoka. Unawaambia wanachosha. Unawatukana mlangoni kwako, kabla hawajanunua hata shanga moja."

Lembris aliganda. "Na wewe umenyamaza muda wote huo?"

"Sasa ningesemaje, na ndiyo sababu ya kuwaleta kwako?"

Hiyo sentensi ya mwisho Lembris hakuisikia, na angeisikia angejiepushia mengi. Masikio yake yalikuwa yamejaa vicheko vyote vya nyuma, ambavyo sasa alivielewa. Aliona aibu mpaka shingo ikauma. Kisha ikaja hofu. Wageni wakichoka kutukanwa wataacha kuja, na wakiacha kuja yeye hana kazi tena pale bomani, na kijana asiye na kazi bomani anapelekwa Dar. Nusu ya rika lake walikuwa huko, wamesimama na rungu mbele ya geti la mtu, wakilinda magari ya watu na mbwa wa watu. Kaka yake mmoja aliporudi kutoka huko, mtoto wake alikimbilia nyuma ya mama yake na kuuliza huyu mgeni anaondoka lini. Lembris alikuwa na binti aliyeanza kutembea juzijuzi tu, anayeanguka kila hatua ya pili na kucheka mwenyewe. Aliapa kwamba mtoto yule hatamwita baba yake mgeni hata iweje.

Basi siku za mnada akawa anaomba lifti kwenda Karatu, kwa Mwalimu Aikaeli.

Karatu nzima ilimjua Mwalimu Aikaeli, na sehemu kubwa ya Karatu ilimkwepa. Alikuwa Mchaga wa Machame, mama wa makamo aliyewahi kufundisha sekondari, akaacha ili kumfuata mume aliyekuja kufungua duka la vipuri, na sasa alifundisha Kiingereza cha alasiri katika chumba cha nyuma ya bucha. Wanafunzi wake walikuwa madereva, wahudumu wa loji na yeyote aliyetaka kuishi kwa watalii, na wote walisoma huku moshi wa nyama choma ukiwapita puani, jambo lililowafanya wakumbuke msamiati wa chakula kuliko mwingine wowote. Kila mwalimu ana adui yake. Wengine huchukia utoro, wengine kucha chafu. Yeye alichukia watu wanaochanganya "bored" na "boring", "tired" na "tiring", "interested" na "interesting". Aliwahi kuvuka barabara katikati ya malori ya vitunguu kwenda kumwamuru mchora mabango ashuke kwenye ngazi. Alimsahihisha mchungaji mlangoni mwa kanisa, akiwa bado amemshika mkono. Na kwenye msiba mmoja kule Kansay, mtoto wa marehemu aliposimama na kusoma kwa Kiingereza cha mjini kwamba familia nzima ni "very shocking", mwalimu alinyoosha kidole juu. Watu wakadhani anataka kutoa rambirambi, wakampisha.

Alipomsikia Lembris akijitambulisha darasani kuwa ni mtu "very interesting to learn", alifumba macho kidogo, kama mtu anayesikilizia jino.

"Wewe ni mfugaji?" alimuuliza.

"Ndiyo, mwalimu."

"Ng'ombe ananyonyesha, ndama ananyonya. Umewahi kuwachanganya hao?"

"Hata nikilewa, mwalimu."

"Basi kazi imekwisha. Wa 'ing' ni ng'ombe, yeye ndiye anayetoa. Wa 'ed' ni ndama, yeye anapokea. Safari ni 'tiring', inatoa uchovu. Mgeni ni 'tired', ameupokea. Kuanzia leo nikisikia umemwita mgeni ng'ombe, nakuchapa kwa mwavuli."

Na kweli kazi ikaisha. Madereva waliokaa darasa lile muda mrefu wakikosea palepale walimtazama Lembris kwa wivu, maana yeye hakukosea tena. Kila neno lilipomjia, alimwona ng'ombe na alimwona ndama, na mfugaji hawezi kumkamua ndama. Mwalimu alimpenda waziwazi. Alimwita "mfano", akampa chai kwenye kikombe chake mwenyewe, na siku ya mwisho alimshika bega na kumwambia kwamba akifa leo atakuwa amefundisha mtu mmoja.

Lembris akarudi bomani kifua mbele. Gari la kwanza liliposimama alisema, taratibu na kwa utulivu: "Welcome. You must be tired after such a tiring journey. I hope you will find our home interesting."

Hakuna aliyecheka. Wageni walitazamana. Mmoja alimuuliza alisomea Uingereza sehemu gani. Mwingine alitaka kujua kama pale wanaishi watu kweli au ni maonyesho tu, na kama yeye hurudishwa mjini na basi ikifika jioni. Mama mmoja aliinama akavikagua viatu vyake vya matairi kama anatafuta nembo ya duka. Walipiga picha chache za kutimiza wajibu, wakarudi kwenye gari.

Siku zilizofuata zikawa hivyo hivyo. Lembris alidhani hajanyoosha vizuri, akanyoosha zaidi, na kadiri alivyonyoosha ndivyo wageni walivyozidi kumwangalia kwa mashaka. Mwisho hata Godson akawa anapita bila kusimama, akipunga mkono tu dirishani. Siku Lembris alipomkamata kwenye lango la Lodoare, Godson alijikuna kisogo.

"Chalii, usinichukie. Umekuwa kama redio ya taarifa ya habari. Wageni wanasema boma lako ni la uongo. Nawapeleka lile la mbele, msemaji wao anajua 'hello' na 'photo' tu, na wanampenda kufa."

Mwenyekiti wa boma, Mzee Parsimei, hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini gari linalopita bila kusimama alilijua kwa mlio. Akamwita Lembris mbele ya wanaume wenzake.

"Ero, kijana wangu, zamani wazungu walikuwa wanacheka hapa. Sasa hawacheki. Umewafanya nini?"

"Nimewasemesha vizuri, mzee."

"Nani alikutuma?"

Uamuzi ukatoka palepale: binamu yake Tobiko, ambaye Kiingereza chake kilikuwa ni kutoa ulimi na kurukaruka, ndiye angejaribiwa kupokea wageni. Lembris angengoja mvua za vuli, kisha aondoke na vijana wengine. Dar kulikuwa na ndugu aliyekwisha kumtafutia geti.

Nyumbani Nanyori alimsikiliza mpaka mwisho huku akimkamata mtoto asiingie kwenye majivu.

"Nenda kwa huyo mwalimu wako akurudishe ulivyokuwa," alisema. "Akikataa, mwambie nakuja mimi."

Kwa hiyo Lembris alitokea nyuma ya bucha siku isiyo yake. Mwalimu alikuwa peke yake, anafuta ubao.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mfano. Mbona leo?"

"Nimekuja kuomba unirudishie makosa yangu."

Mwalimu Aikaeli alimtazama kwanza kama anamtafutia homa usoni. Lembris akaeleza yote: wageni wasiocheka, magari yanayopita, Tobiko na ulimi wake, geti la Dar. Alivyozidi kueleza ndivyo mwalimu alivyozidi kuvimba.

"Sikiliza wewe. Mimi nimeacha migomba ya kwetu na maji ya mlimani, nikaja kumeza hili vumbi jekundu, nikafundisha watu ambao akili yao yote iko kwenye mbavu za mbuzi, nikapata mmoja. Mmoja! Na huyo mmoja anakuja kuniambia nimtie ujinga? Toka. Toka kabla sijautafuta mwavuli."

Lembris alitoka. Lakini mlangoni aligeuka, akasema bila kupanga: "Mwalimu, binti yangu ameanza kutembea. Nikienda, nikirudi atanipa shikamoo ya mgeni."

Mwalimu alibaki na kifutio mkononi. Alikuwa na wanawe wawili wa kiume huko mbali, mmoja Mwanza na mmoja nje ya nchi, na wote walimpigia simu Krismasi tu.

"Ingia," alisema. "Funga mlango, watu wasitusikie."

Ikaanza kozi ambayo haijawahi kutangazwa kwenye bango lolote. Mwalimu aliyajua makosa ya Karatu yote, aliyabeba kichwani kama mtu abebavyo orodha ya waliomkosea. Aliyajua ya madereva, ya wahudumu, ya madiwani, na kila moja alilitamka kwa uchungu, akinyoosha mkono mbali na mwili wake kama anatoa panya ndani. Tatizo likawa ulimi wa Lembris. Ulikataa.

"'I am interest...'" mwalimu alianza.

"'...ed.'"

"Mpumbavu! 'Ing'! Kosea, mwanangu, kosea kama mtu mzima!"

Dereva mmoja aliyekuwa akingoja kilo yake ya steki dirishani alisikia hayo. Jioni hiyo mji mzima ukajua kwamba Mwalimu Aikaeli amerukwa na akili, na wapo waliosema ni malipo ya ule msiba wa Kansay.

Lembris alirudi bomani na makosa yake mapya, akaomba apewe nafasi ya mwisho. Mwanzoni hayakusaidia. Aliyasema kwa mpangilio, moja baada ya jingine, kama mtoto anayekariri Baba Yetu, na wageni walitabasamu kwa adabu tu. Lakini siku moja bibi mmoja mwenye mvi alimshika mkono, akamwambia kwa upole kwamba hapana, mpenzi, hapo hatusemi "boring", tunasema "bored". Lembris hakujua afanye nini. Alichofanya ni kupanua macho na kusema: "Oh! Thank you! Nobody teach me before!"

Bibi wa watu machozi yakamlengalenga. Wenzake wakasogea, kila mmoja akataka naye kufundisha kidogo. Mmoja alichora kwa kijiti mavumbini. Walikaa kupita muda wao wote, wakanunua shanga za kufunika mbuzi, na walipoondoka walipunga mikono mpaka gari likapotea, maana walikuwa wamemfundisha Mmasai Kiingereza.

Hapo Lembris akaelewa kitu ambacho hata Godson hakukijua. Wageni hawakuhitaji sana kucheka. Walichokitamani ni kuwa walimu. Basi kila asubuhi Lembris aliamka hajui, na kila mchana akafundishwa upya, akashangaa upya, akashukuru upya. Magari yakarudi. Tobiko akarudishwa kwenye kuruka. Mzee Parsimei akasema habari za Dar ziachwe kwanza, na "kwanza" ya mzee yule ilimaanisha kwamba gari likianza tena kupita bila kusimama, mjadala unafunguliwa.

Godson alizipeleka habari Karatu, na Mwalimu Aikaeli, ambaye kwa mwezi mzima hakuwa amelala vizuri kwa dhambi ile, akaona ni haki yake kwenda kuyaona matunda yake. Siku ambayo Godson alikuwa na nafasi mbele, alipanda. Alivaa kitenge na sweta, akashika mwavuli.

Lembris alimwona akishuka, akarudi nyuma hatua moja. Yale makosa mwalimu aliyajua, aliyatunga yeye. Lile neno la mwisho, la kwamba hakuna aliyewahi kumfundisha, hakulijua. Lakini akina mama walikwisha kuanza kuimba, na Mzee Parsimei alikuwa ameketi kwenye kigoda chake anaangalia, na mtoto alikuwa amesimama mlangoni akimshika Nanyori gauni.

"Welcome!" alisema Lembris. "You are very boring!"

Mwalimu alitikisa kichwa kidogo, kwa kuridhika na maumivu.

Kiongozi wa wageni siku hiyo alikuwa baba mmoja mnene mwenye kofia pana, wa kutoka nchi ambayo Kiingereza huko nako ni cha kuazima. Alinyoosha kidole papo hapo. Akamweleza Lembris, kwa sauti ya kutosha ng'ombe wote wasikie, kwamba jambo ni jepesi: "boring" ni la leo, "bored" ni la jana. Leo wewe ni "boring", jana ulikuwa "bored". Wakati uliopo, wakati uliopita, basi.

Kilikuwa ni kichaa kitupu. Lembris alimtazama mwalimu kwa jicho la pembeni. Mkono wa mwalimu ulikuwa umekwisha kuuinua mwavuli, na mdomo wake umefunguka. Mtu aliyemkatiza mchungaji na mfiwa, nani angemzuia kumkatiza huyu? Neno moja tu la Kiingereza safi kutoka kwake, pamoja na "muulizeni Lembris, nimemfundisha mwenyewe", na boma lingekuwa la uongo tena kufikia jioni. Godson alianza kunong'ona sala.

"Hivi," yule baba akauliza, "shuleni hakuna aliyewahi kukufundisha hili?"

Lembris aligeukia mlango wa nyumba yake. Alimwangalia mtoto wake.

"No, sir," alisema. "Nobody."

Hakuthubutu kumtazama mwalimu. Alisikia tu viatu vya yule baba vikigeuka kwenye changarawe, na sauti yake ikimwendea mama wa kitenge aliyemwona amekodoa macho kuliko wanafunzi wote.

"And you, mama? You are learning also?"

Mwalimu Aikaeli alivuta pumzi. Aliiacha itoke. Mabega yake yakashuka, mgongo ukapinda kidogo, na akaongea kwa sauti ndogo ambayo Karatu haijawahi kuisikia.

"Yes, sir," alisema. "I am very interesting in your lesson."

Yule baba alimpigapiga begani, akamwambia polepole atafika. Wageni wakapiga makofi. Lembris alihisi kitu kimemchoma chini ya mbavu, na kabla hajajizuia kilimtoka kwa sauti ya chini: "I am embarrassed." Kisha akaruka juu na morani wenzake ili asiendelee kusimama pale.

Wageni walipomaliza kununua na kuanza kupanda gari, Mzee Parsimei alimvuta Lembris shuka. Alitaka kujua yule mama wa mwavuli ni nani, kwani wazungu wamempenda sana, na kama anatafuta kazi, hapa ipo. Lembris alimwambia baadaye, mzee, akakimbilia dirisha la mbele.

"Mwalimu," alisema, "nisamehe. Nimekukana mbele ya watu."

Mwalimu Aikaeli alikuwa anatazama barabara. Macho yake yalikuwa mekundu, na sauti yake ilikuwa ile ile ya darasani.

"Hilo tutaliongea nikipoa, na sijui nitapoa lini. Sasa hivi kuna kubwa zaidi. Mwishoni ulisema nini?"

"Wapi, mwalimu?"

"Nilipomjibu yule baba. Ulisema 'I am embarrassed'."

"Ilinitoka."

"Ilikutoka sahihi kabisa! Yule msichana wa kizungu aliyekuwa nyuma ya wenzake alikugeukia akakukazia macho, mimi nilimwona." Alitoa mkono dirishani, akamkamata kifundo cha mkono na kukibana kwa nguvu. "Isikutoke tena, Lembris. Una mtoto."

Akamwachia, akapandisha kioo. Gari likaondoka. Lembris alilia palepale barabarani, bila kujificha. Kisha akaona gari jingine linapunguza mwendo, akajifuta uso kwa shuka na kwenda kulipokea.